KUKU WA NYUMBANI NA WEZI WA USIKU

Nyuma ya nyumba nyingi za askari na polisi, mjini Gitega na Muyinga na katika vilima vya kandokando, hukosi kuwaona kuku watano sita wakiparua karibu na jiko. Kuku hao hawahesabiwi kuwa mali kubwa, lakini ndio wanaouzwa shule zinapofunguliwa na watoto wakataka madaftari, na ndio anaochinjiwa mkwe aliyefika bila taarifa. Tembo mmoja mwenye vifaranga kumi akiuawa usiku, hasara yake si ya siku ile tu. Mayai huatamiwa kwa siku 21, na kifaranga wa kienyeji huchukua nusu mwaka au zaidi hata aanze kutaga. Akiba ya mwaka mzima yaweza kutoweka baina ya saa nane na saa tisa za usiku.

Tena bwana wa nyumba aghalabu hayupo. Yuko lindoni, au yuko doria, au amepelekwa mbali kama wale waliokwenda Somalia baada ya Burundi kutuma majeshi yake huko mwishoni mwa mwaka 2007. Kelele za kuku gizani humkuta mama peke yake na watoto, naye hujiuliza kama mlangoni kuna kanu au kuna mtu. Kwa sababu hiyo banda lafaa lijengwe liweze kujilinda lenyewe, pasipo mtu kulazimika kufungua mlango wa nyumba.

Kuku haoni vizuri gizani. Asili yake ni kuku-mwitu wa misitu ya Asia, ambaye jua likitua hupanda mtini akatulia mpaka alfajiri. Ndiyo maana kuku wa leo, ifikapo saa kumi na mbili jioni, hutafuta mahali pa juu pa kulala. Na ndiyo maana mnyama akishaingia bandani kuku hakimbii, bali hupiga kelele na kungoja zamu yake. Kuku aliyezoea kulala mwembeni au juu ya paa la jiko hana amani pia, kwa kuwa kanu hupanda mti kama paka na bundi huruka bila kusikika.

Maadui wenyewe si sawa kila mahali. Muyinga, ambayo tangu mgawanyo mpya wa mikoa wa mwaka 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu iliyoanzishwa mwaka 1980. Wanaokaa upande huo wanaweza kutembelewa na mbweha na mondo, hasa wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, nyasi zinapochomwa na wanyama wadogo wakakosa maficho. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, umezungukwa na mashamba na nyumba zilizosongamana. Huko adui ni yule aliyezoea kuishi na watu: kanu, fungo, nguchiro, panya, na mbwa wa jirani ambaye mchana hutikisa mkia.

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, asubuhi ya msiba yafaa kupeleleza kwanza, na katika kazi hii polisi hawahitaji kufundishwa. Kuku kadhaa wakikutwa wameumwa shingoni, mmoja ameliwa kidogo na wengine wameachwa, mshukiwa wa kwanza ni kanu, ambaye akishaingia hushindwa kujizuia. Kuku mzima akiwa ametoweka na manyoya yametawanyika kuelekea kichakani, aliyekuja ni mkubwa zaidi, kama mbweha au mondo. Ubao ukiwa umeng'olewa na ardhi imechimbuliwa kwa nguvu, huyo ni nyegere, naye hatishiki kwa makelele. Fungo ana desturi ya kwenda haja mahali pamoja kila mara. Lundo la mavi yenye kokwa za matunda na magamba ya jongoo kando ya njia ni dalili kwamba anapita hapo. Kifaranga akikosekana bila hata unyoya mmoja, tazama matundu ya panya, na tazama pia kama kuna nyoka, maana nyoka hufuata panya kwanza na vifaranga baadaye. Na kama kuku wote wametoweka, komeo limefunguliwa vizuri na mlango umerudishwa mahali pake, hakuna haja ya kumsingizia mnyama yeyote.

Banda jema huinuliwa juu ya nguzo, kiasi cha mita moja kutoka ardhini. Kila nguzo ivishwe bati lililokatwa kutoka debe kuukuu na kukunjwa mfano wa faneli iliyofudikizwa, ili panya na kanu wakipanda wateleze. Banda lisikae chini ya matawi wala karibu na ukuta, maana bati hilo halimzuii anayerukia paani. Sakafu ya fito zilizoachana kidogo huangusha kinyesi chini, nacho ni mbolea ya migomba. Lakini mwanya usipite upana wa kidole, kwa kuwa kanu hupita popote kichwa chake kinapopita.

Hapa wengi hudanganyika juu ya wavu. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita humzuia kuku asitoke, haumzuii adui asiingie. Meno huukata, na mkono wa mnyama hupenya ukamvuta kuku aliyelala karibu. Bora wavu wa matundu ya nusu inchi uliochomelewa, hata kama fedha zinatosha dirisha tu na sehemu nyingine ikawa ya mbao au matofali. Fito za kulalia ziwekwe katikati ya banda, mbali na wavu, na kila kuku apate nafasi ya sentimita 20 hivi. Mlango uwe na komeo na kufuli. Kamba hufungulika, na hata jiwe zito lililoegemezwa husogezwa na nyegere. Asiyeweza kuinua banda, basi afukie mawe au wavu kuzunguka msingi hadi sentimita 30 chini ya ardhi.

Gitega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai una baridi. Watu huziba banda lote kwa matope na magunia, kisha hushangaa kuku wakikohoa. Kuku mwenye manyoya hustahimili baridi kuliko hewa chafu. Tundu la hewa liachwe juu, chini ya paa, nalo lifunikwe kwa wavu. Wengine huwalaza jikoni. Ni ulinzi, hakuna ubishi, lakini viroboto na kinyesi karibu na vyungu na watoto waliolala ni gharama ambayo mama huilipa baadaye.

Siafu ni habari nyingine. Wakati wa mvua huja kwa safu, na tembo aliyefungiwa na vifaranga hana pa kukimbilia. Asubuhi hukutwa mifupa. Miguu ya banda isimamishwe ndani ya makopo yenye maji na mafuta machafu kidogo, nayo yafunikwe juu ili vifaranga wasitumbukie mchana. Jivu jipya likimwagwa kuzunguka banda huwapotosha njia, lakini mvua ikinyesha halifai kitu, yabidi kumwaga tena. Jani refu lisigusane na banda, kwa sababu siafu huligeuza daraja.

Uzio wa minyaa unaozunguka rugo hupendeza na huzuia mbuzi, ila chini yake mna njia za nguchiro. Ukatwe matawi ya chini, na nafaka iliyomwagika ifagiliwe kabla ya jua kutua. Kuku wahesabiwe kila jioni. Kazi hiyo apewe mtoto mmoja anayejulikana, kwani wakipewa watatu hakuna atakayehesabu.

Kutega nyama yenye dawa ya wadudu ni jambo la hatari. Sumu haichagui: huua mbwa wa nyumbani, huua ndege walao mizoga, na huweza kumfikia mtoto. Kanu na nguchiro, pamoja na ubaya wao, ndio wanaopunguza panya na nyoka shambani. Na bunduki ya kazi haikutolewa kwa ajili ya fungo; risasi ya usiku katika mtaa wa watu itatafutiwa maelezo asubuhi, na itakuwa vigumu kuandika kwamba ni kwa sababu ya jogoo.

Zikisikika kelele, mama asitoke pekupeku wala bila taa. Mbweha au mbwa anayetangatanga bila hofu ya watu, akitokwa na udenda, yaelekea ana kichaa cha mbwa, naye asikaribiwe. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali akaulizie chanjo bila kungoja dalili zionekane, kwa maana zikishaonekana dawa haipo tena.