MOTO WA JUNI NA MOTO WA OKTOBA SI MAMOJA

Kila mwaka ifikapo Septemba moshi hutanda juu ya bonde la Kilombero, hata mtu aliyesimama Ifakara asiione vema milima ya Udzungwa. Ndipo ofisi zetu zinapoamka. Barua zenye mihuri huteremshwa vijijini, na mwananchi huambiwa kwamba moto ni adui wa msitu, basi. Mwalimu naye huwaandikisha watoto sentensi hiyo hiyo. Tunasema waziwazi kwamba sentensi hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotugharimu.

Msitu upi? Miombo ya bondeni imeishi na moto tangu kale. Tazameni mninga. Mche wake hukauka shina kila kiangazi, mwaka baada ya mwaka, huku mzizi ukinenepa chini ya ardhi. Kisha siku moja huchomoza kwa nguvu na kupita kimo cha miale, na gome lake nene hulinda uhai uliomo. Miti mingi ya miombo huchipua vivyo hivyo kutoka mizizini na kwenye visiki. Mtumishi asiyejua haya akiona vijiti vyeusi huandika taarifa kwamba msitu umekufa. Angalirudi baada ya mvua za kwanza angaliona aibu kuisoma taarifa yake.

Na jambo hili si geni. Katika miaka ya 1930 wakoloni walianzisha majaribio karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na C. G. Trapnell akatangaza matokeo mwaka 1959. Eneo lililochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi lilipoteza miti yake na kuelekea kuwa mbuga ya majani. Eneo lililochomwa mapema, majani yangali na unyevu, lilibaki na miti na machipukizi yakakua. Sababu yake mkulima yeyote aweza kuieleza: moto wa Juni ni mfupi, na umande wa usiku huuzima, moto wa Oktoba huikuta miombo imekwisha kutumia akiba ya mizizi kutoa majani mapya kabla ya mvua, ukayateketeza.

Milimani mambo ni mengine kabisa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye kilomita za mraba 1,990, ina misitu ya kijani daima ambayo haikuzoea moto. Humo anaishi mbega mwekundu, na tumbili wa Sanje ambaye wataalamu hawakumjua hadi mwaka 1979. Moto ukila ukingo wa msitu ule, majani huota mahali pa miti, na majani hayo huualika moto wa mwaka ujao. Huko atakayewasha kiberiti hana wa kumtetea katika ukurasa huu.

Lakini ni nani anayeupeleka moto huko? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haikupiga marufuku kila moto, imetaka kibali. Mimi mwenyewe nimeona kibali kilichoombwa Mei kikitolewa Septemba, ofisi siitaji. Katika miezi hiyo minne majani yamerefuka na kukauka, na mwenye shamba amechoka kungoja. Huwasha usiku na kukimbia. Moto halali ungalikuwa na watu wa kuusimamia. Huu hauna mwenyewe, na upepo huupandisha mlimani. Kwa hiyo urasimu wetu umezuia moto mdogo na kuzaa mkubwa.

Wapo watakaosema kwamba tukiruhusu moto wa Juni wananchi watachoma hata Udzungwa. Hii ni kasumba ya kumdharau mkulima. Ukanda uliochomwa mapema chini ya mlima ndio unaounyima moto wa Oktoba chakula. Na wazee wa Kindamba na Kipogoro wanajua siku ambayo majani yanawaka bila kukimbia, kuliko ajuavyo karani wa masijala.

Basi vibali na vitolewe kijijini, mbele ya kamati ya mazingira, kabla ya Juni kwisha. Na walimu wa Mang'ula na Mlimba wawapeleke wanafunzi miomboni mwezi wa Desemba, wayahesabu machipukizi penye moto wa mapema na penye moto wa kuchelewa, kisha hesabu hiyo ipelekwe wilayani.