Trekta Kuukuu Lisiuzwe kwa Kilo

Katika miji ya Jinja na Mbale, na kando ya barabara ya Tirinyi inayoiunganisha miji hiyo, si ajabu kuliona trekta la zamani limeachwa nyuma ya nyumba, matairi yamekwisha upepo na majani yamepenya hadi ndani ya radieta. Aghalabu ni Massey Ferguson, ama lile la namba 35 ama lile la 135. Mwenyewe akiulizwa hujibu kwa neno moja tu: limekufa. Hatimaye hupita mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake, na mashine iliyowahi kulisha ukoo mzima hupimwa kama gunia la mahindi, kisha ikaenda kuyeyushwa. Mizani hiyo haijui kutofautisha injini iliyopasuka na injini iliyochakaa. Mwenye trekta hana budi kuzitofautisha yeye mwenyewe, kabla ya kupokea fedha.

Jambo hili lawahusu askari na polisi kuliko wengi wanavyodhani. Afisa au askari anayekaribia kustaafu huwaza ardhi: miwa katika Busoga, mpunga katika mabonde ya Butaleja, mahindi na maharagwe chini ya mlima Elgon. Kiinua mgongo chake, pamoja na akiba au mkopo wa Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, ndio mtaji wake wote, na fedha hizo haziji mara mbili. Akinunua trekta jipya, huenda zikaisha kabla ya plau kupatikana. Akinunua kuukuu lililopakwa rangi nyekundu inayong'aa, huenda akawa amenunua rangi. Iko njia ya tatu, nayo ndiyo inayotetewa hapa: kulifufua trekta kuukuu kwa matengenezo kamili, yanayofanywa kwa vipimo wala si kwa kukisia.

Injini ya dizeli iliyo nyingi katika matrekta hayo ni Perkins, iliyotoka katika kampuni iliyoanzishwa mjini Peterborough, Uingereza, mwaka 1932, na kununuliwa na Massey-Ferguson mwaka 1959. Ile ya trekta la 135 ina silinda tatu. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 91.4, na pistoni husafiri milimita 127 toka chini hadi juu. Nguvu yake ni kama ya farasi 45, wala si nyingi kwa hesabu za leo. Lakini walioiunda walijua kwamba itachakaa, wakaiwekea njia ya kurudishwa. Ndani ya kila silinda mna mrija wa chuma, ambao mafundi huuita slivu, uwezao kutolewa na kutiwa mwingine. Krenkishafti yaweza kuchongwa upya zaidi ya mara moja, na kila mara zikapatikana beringi nene zaidi za kuifaa. Kwa maneno mengine, injini hii iliundwa ili ifunguliwe. Kuiita maiti kwa sababu inatoa moshi ni sawa na kuizika bunduki kwa sababu mtutu wake una masizi.

Wala ufundi huu si mgeni jeshini. Jinja ilikuwa makao ya Batalioni ya 4 ya King's African Rifles, na katika Vita Vikuu vya Pili, kati ya mwaka 1939 na 1945, askari wengi wa Afrika Mashariki walijifunza udereva na umakanika wakiwa katika sare, wakarudi makwao na maarifa hayo. Kisha ukaja mwaka 1972. Serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia, waliondoka pia wenye maduka ya vipuri na wenye mashine za kukereza chuma, na mali zao zikagawiwa watu, wakiwamo wanajeshi, ambao wengi wao hawakuijua kazi hiyo. Vipuri vikaadimika. Mafundi wakajifunza kuishi kwa kuunga: beringi ya trekta hili ikahamia lile, gasketi ikakatwa kwa karatasi ngumu, ringi mpya zikatiwa katika silinda iliyokwisha kuliwa. Hawakuwa na la kufanya, na aliyelima kwa trekta la kuungwaungwa aliwashinda wasiolima kabisa. Bahati mbaya ni kwamba desturi iliyozaliwa na dhiki imeendelea kuishi hata pale ambapo vipuri vyapatikana dukani.

Tuichukue hiyo ya ringi, kwa kuwa ndiyo inayowaibia wengi. Silinda haichakai sawasawa. Huliwa zaidi upande ule pistoni inakoegemea, na zaidi karibu na juu, hata duara likawa kama yai. Ringi mpya ni duara kamili, na katika shimo la umbo la yai haiwezi kuziba. Kwa muda mfupi trekta litavuma vizuri, mwenyewe atamshukuru fundi na kulipa. Kabla ya msimu kwisha moshi wa samawati utarudi, na oili itakuwa inanunuliwa kama dizeli. Fundi aliyetumia kipimo angeliligundua hilo siku ya kwanza, na angelisema mapema kwamba slivu hazina budi kubadilishwa.

Krenkishafti nayo hupimwa kwa maikromita, kila shingo mahali kadhaa, kwani yaweza kuwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Ikiwa imepita kiasi, hupelekwa kuchongwa kwa robo milimita, au nusu, au robo tatu. Beringi hununuliwa baada ya kuchongwa, kamwe si kabla, kwa maana mpaka mashine imalize kazi hakuna ajuaye ni kipimo gani kitakachohitajika. Utashangaa ni watu wangapi wanaoanza kwa kununua seti nzima ya vipuri, kisha wakamlazimisha fundi aifanye injini ifuate vipuri. Pampu ya dizeli na nozeli zake ziende kwa mtu mwenye mashine ya kuzijaribia. Pampu haifunguliwi chini ya mwembe.

Hapa ndipo askari anapomzidi raia, ajue asijue. Tangu siku za ukuruta amefundishwa kuifungua bunduki yake na kuvipanga vipande juu ya kitambaa kwa taratibu ileile ya kuvirudisha. Na amefundishwa kwamba kipande cha bunduki ya mwenzake, hata kikifanana na chake, si chake. Vifuniko vya beringi kuu za injini vina sheria hiyohiyo. Kila kimoja kilichongwa kikiwa mahali pake na kikielekea upande wake, kwa hiyo hutiwa alama kabla ya kufunguliwa. Vikibadilishana, krenkishafti itakaza, au itazunguka huku ikijiharibu pasipo mtu kujua. Usafi vilevile. Chembe ya mchanga iliyosalia katika njia ya oili yaweza kukwaruza beringi mpya siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye kuirudisha injini mahali pake, kazi ambayo wengi huiona nyepesi kwa kuwa wanadhani kubwa limekwisha. Gari la mizigo lina fremu, na injini hukaa juu yake. Trekta la namna hii halina fremu. Injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo: mbele imefungwa ekseli, nyuma imefungwa giaboksi, nayo imebeba uzito wa pande zote mbili. Kuitoa maana yake ni kulikata trekta katikati. Kwa sababu hiyo sehemu ya nyuma hutegemezwa kwa magogo au stendi imara, si kwa jeki peke yake, na kabari za mbao hupigiliwa juu ya ekseli ya mbele ili upande ule usipinduke. Wako mafundi waliopondwa miguu kwa kuzidharau kabari.

Wakati wa kuunganisha, shafti ya giaboksi yapaswa kupenya katikati ya klachi, meno kwa meno. Klachi huwekwa katikati kwa kijiti kilichochongwa kwa kipimo, hata kiwe cha mti mgumu. Kisha sehemu mbili husogezwa polepole, flaiwili ikizungushwa kidogo kidogo mpaka meno yapatane, na nyuso mbili za chuma zikutane kwa mkono. Zisipokutana, usizivute kwa bolti. Nairudia kwa sababu ndilo jaribu la jioni, wakati watu wamechoka na njaa inauma: pengo la kidole kimoja limebaki, na mmoja anasema kaza tu, litaingia. Kweli litaingia, kwa kuipinda sahani ya klachi au kulipasua kasha lake, na kazi yote itarudiwa kwa gharama ya mwenye trekta. Pengo ni taarifa. Laonyesha kwamba kitu fulani hakijakaa sawa, na anayelikaza anaizima taarifa hiyo.

Kuiwasha kwa mara ya kwanza kuna utaratibu wake. Injini huzungushwa kwanza bila kupewa dizeli, mpaka geji ionyeshe kwamba oili imefika juu. Hewa hutolewa katika mirija ya dizeli. Ikishawaka isipigwe mbio, lakini pia isiachwe inguruma polepole siku nzima kana kwamba ni mgonjwa wa kubembelezwa, kwani ringi hukaa vizuri zikipata mzigo wa kadiri. Baada ya saa za mwanzo bolti za silinda hedi hukazwa tena kwa spana ya kipimo, vali zikarekebishwa, na oili ya kwanza ikamwagwa mapema pamoja na filta yake.

Zaidi ya hayo, ulizeni trekta lilikufa kwa nini. Mara nyingi muuaji ni vumbi. Kisafisha hewa cha trekta hizi ni bakuli lenye oili, na bakuli hilo likikauka au likijaa tope, vumbi lote la Januari huingia moja kwa moja katika silinda. Kumwaga oili hiyo na kutia nyingine ni kazi ya robo saa. Dereva asiyeifanya ataiua injini mpya kama alivyoiua ya kwanza.

Si kila trekta lafaa kufufuliwa. Likiwa bloku imepasuka penye viti vya beringi, au giaboksi na haidroliki zimekufa pamoja na injini, mnunuzi wa chuma na apewe lake. Iko pia hoja ya wanaosema kwamba trekta jipya dogo kutoka India, kwa mkopo, lina dhamana. Ni kweli, na kwa mwenye mashamba ya kutosha kulilipia mkopo huo hoja hiyo ina uzito. Lakini riba hailali msimu wa ukame, na mstaafu mwenye ekari chache hana wa kumsaidia kuibeba.

Neno moja kwa walio bado kazini, hasa katika karakana. Maarifa mliyopewa na jeshi au polisi ni yenu, ondokeni nayo. Oili, filta na spana za serikali si zenu. Wakubwa wa karakana nao wangefanya vyema kumwandikia kila fundi anayestaafu hati inayotaja injini alizozifungua na kuzifunga kwa mkono wake, ili mkulima wa Mbale ajue anamkabidhi nani mali yake.

Kuhusu wakati, mvua za kwanza za mashariki hutarajiwa Machi, na plau huanza kazi kabla yake. Injini ifunguliwe Novemba au Desemba, krenkishafti iwe kwa mchongaji kabla ya Krismasi, na trekta lijaribiwe mwishoni mwa Januari, ardhi ikiwa bado ngumu. Atakayelipeleka gereji baada ya kuyaona mawingu juu ya Wanale atakuta foleni, na fundi mwenye haraka ndiye asiyepima.