Watu wa Salamabila, Tusingoje Kuchorewa Mipaka

Mtoto wa sokwe alikuwa amefungwa kiunoni kwa kamba ya nailoni ya bluu, ile tunayofungia magunia kwenye baiskeli. Ncha ya pili ilifungwa kwenye mguu wa meza ya muuza bia. Ilikuwa siku ya soko hapa Salamabila, mwezi uliopita, watu wamefurika. Nyuma alikuwa bado na kile kishungi cheupe cha manyoya wanachokuwa nacho sokwe wachanga, maana yake alikuwa wa kunyonya. Kila aliyepita alimnyooshea mkono, hata wale waliosimama kumcheka. Mama mmoja mwenye beseni la mihogo akauliza: "Na mama yake yuko wapi?" Muuzaji akajibu: "Mama yake tulishamla." Meza nzima ikaangua kicheko.

Baadaye akaja mtu aliyevaa sare ya serikali. Nikasema moyoni, haya, sasa mambo yamekwisha. Akatoa simu, akapiga picha, akauliza bei. Walipatana kwa dola, faranga hazikutajwa. Jioni mtoto yule akaondoka ndani ya kikapu nyuma ya pikipiki, na soko likaendelea na shughuli zake.

Ndugu zangu wa Salamabila, wa Kabambare yote na wa Kasongo hapa Maniema, kilichonifanya nishike kalamu ni kile kicheko. Maana yule mwenye sare atahamishwa kesho kutwa, aende akauze vitu vingine kwingine. Kicheko kitabaki hapa, kwa kuwa ni chetu.

Sababu tunazijua. Bunduki zimezagaa, mishahara haifiki, barabara hakuna, machimbo yana matumbo mengi ya kulishwa, na mkulima anaogopa kulala kwenye shamba la mbali. Hayo tumeyasema mpaka yamekuwa kama salamu za asubuhi. Lakini vita havikufunga kamba ile. Aliyeifunga tunamjua kwa jina na kwa ukoo, na aliyemnunua tulimpisha njia.

Wapo watakaosema jambo hili ni dogo, na kwamba limekuwepo tangu mababu. Kuwepo, limekuwepo. Mwaka 1870 msafiri David Livingstone alilala hapa Kabambare miezi mingi, vidonda vya miguu vimemzuia kutembea. Katika daftari zake aliandika habari za watu wetu kuwinda sokwe. Mwaka 1871, alipoinuka na kushika njia ya Nyangwe, alizawadiwa mtoto wa kike wa sokwe aliyekamatwa mama yake alipouawa. Aliandika kwamba mtoto huyo alikuwa akinyoosha mkono abebwe, na akinyimwa anakunja uso kama binadamu anayelia. Nilipomwona wa kwetu pale mezani sikuhitaji Mzungu wa kunieleza uso ule. Tofauti ni moja: wakati wa Livingstone msitu ulikuwa haujui mwisho wake, na mwindaji alikuwa na mkuki na wavu. Leo kuna AK, kuna pikipiki, na kuna mnunuzi anayesubiri picha kwenye WhatsApp.

Na hesabu ya sokwe ni mbaya kwetu. Jike huzaa mara moja kwa miaka mitano hivi, mtoto mmoja, na humbeba na kumlea miaka yote hiyo. Kundi halimwachi mtoto wake achukuliwe hivi hivi, kwa hiyo ukiona mmoja amefungwa sokoni, ujue aliyekufa msituni si mama peke yake. Mtu akiwala kuku wake wote mwezi huu, mwezi ujao anaweza kununua vifaranga aanze upya. Sokwe wa bonde letu la mto Luama wakiisha hakuna soko la kuwanunua tena.

Mimi sisemi watu wasile nyama. Panya wa msituni, ndezi, hata swala wadogo, huo ni mjadala wa kistaarabu unaohitaji wazee na majira. Sokwe hana mjadala. Sheria ya taifa inamlinda kabisa, na ile ya uhifadhi wa mazingira ya tarehe 11 Februari 2014 iliandikwa na watu wenye mamlaka ya kufunga watu. Kwa nini haifungi mtu hapa kwetu? Kwa sababu wanaotakiwa kuitumia wanajua sisi hatutauliza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Sisi ni watu waliochukuliwa mali yao kwa zamu. Kwanza pembe za ndovu: Kasongo ilikuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, na pembe zilitoka hapa juu ya vichwa vya watu hadi pwani na Unguja. Leo muulize mtoto wa Kabambare kama amewahi kumwona tembo. Baada ya pembe ikaja dhahabu ya Namoya. Wabelgiji walichimba, kampuni ya SOMINKI ikarithi mwaka 1976, kisha ikaja kampuni ya Banro ya Kanada, ambayo ilitangaza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 na ikasimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya usalama. Wenye hisa wamebadilika tangu hapo. Sisi tumebaki na mashimo, na mito ambayo mama anachota maji yenye tope huku juu yake mtu anasafisha mchanga kwa zebaki.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema wazi kwamba katika mrahaba unaolipwa na kampuni, asilimia 15 ni ya sekta au shefari ambako mgodi uko, asilimia 25 ni ya jimbo, na tena kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Nani amewahi kuona karatasi ya hesabu hiyo imebandikwa ukutani mahali popote, iwe ni ya wakati mgodi unafanya kazi au wakati umelala? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Msitu unafuata njia hiyo hiyo, na safari hii wanaokuja wanakuja kwa maneno matamu. Dunia inatafuta misitu iliyobaki. Kuna fedha za hewa ukaa, kuna fedha za uhifadhi, kuna mazungumzo ya utalii. Siku moja gari litasimama mbele ya ofisi ya shefu likiwa na ramani tayari mezani, mistari imekwisha kuchorwa, wanataka sahihi tu. Kama siku hiyo hatuna karatasi yetu wenyewe, tutafanyiwa kama walivyofanyiwa Watwa wa Kahuzi-Biega. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na Watwa wakatolewa katika ardhi ya mababu zao bila fidia ya maana. Imewachukua karibu nusu karne kupata haki: uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kwamba serikali yetu iliwakosea ulitangazwa mwaka 2024. Nusu karne! Aliyefukuzwa akiwa kijana ameshazikwa.

Lakini pia kuna majirani waliokataa kulala. Hifadhi ya Itombwe, hapo juu kwa ndugu zetu wa Fizi na Mwenga, ilitangazwa kwa karatasi ya waziri mwaka 2006 na wenyeji hawakushirikishwa. Walipiga kelele. Ikabidi wahifadhi warudi kijiji kwa kijiji, watu waonyeshe mashamba yao, makaburi yao, mahali pa kuwinda na mahali pa kuacha, hadi mipaka mipya ikapatikana mwaka 2016. Mwaka huo huo, upande wa magharibi wa jimbo letu hili la Maniema, Hifadhi ya Taifa ya Lomami ilitangazwa rasmi baada ya mazungumzo ya miaka na vijiji, hadi wazee wakafanya matambiko. Huko ndiko alikopatikana lesula, tumbili ambaye wanasayansi walimtambulisha kwa dunia mwaka 2012, wakati wenyeji walikuwa wanamjua siku zote.

Kuhusu watalii, naomba tusidanganyane. Hakuna mtalii atakayefika Salamabila mwaka huu wala ujao. Rwanda inauza kibali cha kuwaona gorila wa milimani kwa dola 1,500, na asilimia 10 ya mapato ya hifadhi hurudi kwa jamii zinazozizunguka. Ilikuwa asilimia 5 kabla ya 2017. Uganda inarudisha asilimia 20 ya ada za kiingilio. Ni mambo mazuri, na siku yetu ikifika tudai zaidi ya hapo. Lakini Rwanda ina lami mpaka mlangoni pa hifadhi, na usiku mtu analala. Anayewaahidi vijana wetu hoteli na ndege za wazungu kabla bunduki hazijanyamaza anataka kura zao. Msitu tuutunze kwanza kwa ajili ya mvua yetu, samaki wetu, dawa zetu, na kwa ajili ya kuwa na kitu mkononi siku ya mazungumzo. Mtalii akija, atatukuta nacho. Asipokuja, bado ni chetu.

Sasa kazi. Agizo la serikali la tarehe 2 Agosti 2014 linaipa jamii ya wenyeji haki ya kupewa msitu wake wa jadi, hadi hekta 50,000, bure, bila kikomo cha miaka. Anayetia sahihi ni gavana wa jimbo. Jamii inapaswa kuandaa ombi, kuchagua wawakilishi wake, na kuchora ramani pamoja na majirani wanaopakana nao. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kwamba kila grupema iketi. Wazee wataje mito na vilima kwa majina, vijana wenye simu za kuonyesha mahali watembee na wawindaji hadi kwenye mipaka, waandike. Watwa wawepo mkekani tangu siku ya kwanza, wasiitwe mwisho kupigwa picha. Wanawake vilevile, maana wao ndio wanaojua wapi kuni zimekwisha na chemchemi ipi imekauka. Mahali ambapo grupema mbili zinagombania mto, msiruke. Kaeni hapo hapo mpaka mmalizane, hata kama itachukua mbuzi wawili na wiki nzima. Mgogoro usiomalizwa sasa ndio mlango atakaoingilia mgeni mwenye ramani.

Mama zangu wa soko na wa vibanda vya chakula, ninyi mna nguvu kuliko askari. Siku mtakayokubaliana kwamba nyama ya sokwe haikanyagi meza zenu, wala ya mnyama yeyote anayelindwa, biashara hiyo imekufa hapa mjini. Najua yule kijana wa baiskeli aliyetembea siku tatu na mzigo wake atawatukana. Mwacheni atukane. Ufugaji wa simbilisi, sungura na samaki wa bwawa unawezekana hapa hapa. Padri, mchungaji, sheikh, mwalimu, kila mwenye kiwanja aanze, na anayejua amfundishe asiyejua.

Mtu akileta mtoto wa sokwe sokoni, asinunuliwe hata kwa huruma, maana huruma yenye dola inampeleka mwindaji porini tena. Aitwe shefu, iitwe redio, waitwe watu wa ICCN, wale wa hifadhi za taifa, tena mbele ya mashahidi wengi, ili asipotee njiani. Kuna kituo cha kulelea sokwe Lwiro, karibu na Bukavu, tangu mwaka 2002. Kufika huko ni shida, sikatai. Na biashara hii ina watu wa hatari: Lubumbashi mwaka 2022 majambazi waliingia katika kituo cha kulea sokwe wakateka watoto watatu na kudai fidia. Ndiyo sababu nasema tuwe wengi. Mtu mmoja akisimama atapigwa. Soko zima likisimama, hata mwenye sare ataficha simu yake.

Mashefu wetu, kwenu nina ombi gumu. Bandikeni hesabu. Kila faranga iliyopokelewa kutoka mgodini, na kila faranga itakayotoka msituni, iandikwe kwenye karatasi kubwa ibandikwe kanisani, msikitini na ofisini. Mkifanya hivyo kwa dhahabu, watu watawaamini kwa msitu. Msipofanya, msishangae vijana wakimuuza sokwe wa mwisho kabla ninyi hamjaliuza pori lote.

Na ninyi vijana mlio porini na silaha, najua wengine wenu maandishi haya yatawafikia. Ni watoto wetu. Mlisema mlishika bunduki kwa sababu dhahabu ya Salamabila inaliwa na wageni. Basi mnamwekea nani kizuizi pale njiani, mnapomtoza kodi mwenye mzigo wa nyama na kumwacha apite?

Ndugu zetu mlioko Kindu, Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura na Ulaya, mnaojua Kifaransa cha ofisini, tusaidieni kuandika mafaili. Mwanasheria mmoja anayejitolea miezi miwili anatufaa kuliko fulana mia zenye picha ya mbunge. Chapeni fomu, tafuteni nakala za sheria, zitafsirini kwa Kiswahili tunachosema sokoni, mtume.

Mvua kubwa zikianza, barabara ya kwenda Kindu kwa gavana inajulikana inavyokuwa. Grupema ambazo zimekwisha kukubaliana mipaka zipeleke faili kabla ya hapo. Ambazo bado hazijaketi, ziketi wiki hii, hata chini ya mti, hata kama shefu amesafiri. Mwandikieni aliyeko, pigeni mihuri, wekeni vidole gumba wale wasioandika, na muache nakala moja parokiani na moja kwa imamu.