Kava la cheni si pambo

Masika yakishika, njia nyingi za vijijini wilayani Kibiti, hadi huko delta ya Rufiji, hugeuka tope. Baadhi ya waendesha bodaboda huvua kava la cheni ili tope lisigande ndani. Hasara yake ni mbili. Kwanza, mchanga unaonata kwenye oili husaga cheni na meno ya sproketi kama msasa. Cheni ikilegea huweza kuchomoka na kukwamisha gurudumu la nyuma. Pili, cheni iliyo wazi hudaka pindo la khanga, baibui au kidole cha mtoto.

Mzazi, kabla ya kupanda, tazama kama kava lipo. Kusanya nguo vizuri, na miguu ya mtoto ikae mbali na spoki. Dereva naye asafishe cheni kwa brashi na mafuta ya taa, injini ikiwa imezimwa, kisha apake oili na kufuta inayozidi.

Nguo ikinaswa, zimeni injini na kuikata, msiivute. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, na majeruhi awahishwe kituo cha afya, aulizie pia chanjo ya pepopunda. Kava hununuliwa tena, kidole hakinunuliwi.