Mashine ya Mibirizi Ilihukumiwa Bila Kupimwa

Yapo mazoea mabaya yaliyoingia katika ofisi nyingi, za kiraia na za majeshi kadhalika, ya kutangaza kwamba mtambo umekufa kabla mtu ye yote hajaupima. Mkubwa wa ofisi hubonyeza swichi, haoni taa wala hasikii feni, naye mara moja huandika katika daftari kwamba kitu hiki hakifai. Kisha mtambo hutupwa stoo pamoja na viti vilivyovunjika miguu. Leo tunapenda kuzungumza na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi juu ya jambo hili, kwa kuwa wao, kwa kazi yao, wanaijua kuliko wengine tofauti baina ya kushuku na kuthibitisha.

Mashine ya namna hiyo tuliiona Mibirizi, wilayani Rusizi, katika sehemu ya Rwanda iliyokuwa ikiitwa Cyangugu. Mibirizi ina jina katika historia ya kahawa. Misheni ilifunguliwa hapo mwaka 1903, na inaandikwa kwamba miche ya kwanza ya kahawa nchini Rwanda ilipandwa hapo mwaka uliofuata. Hata leo ipo aina ya kahawa inayoitwa Mibirizi. Basi haikutushangaza kuona kwamba kompyuta tuliyoikuta katika ofisi moja ya huko, ambayo hatutaitaja, ilikuwa imetiwa hesabu za kahawa: majina ya wakulima, idadi ya miti ya kila mmoja, na kilo walizoleta msimu baada ya msimu. Ilikuwa IBM PC/XT, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, yenye diski ya megabaiti 10. Picha mbili tatu za simu ya leo zingeijaza diski hiyo mpaka pomoni.

Msomaji atauliza, hesabu za kahawa ya miaka ile zina faida gani sasa? Tunamjibu kwamba orodha hiyo si ya kahawa tu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, damu ilimwagika Mibirizi kama ilivyomwagika kwingineko nchini, na pamoja na watu zilipotea karatasi nyingi. Mtu ambaye jina la baba yake limo katika diski ile huenda hana andiko jingine lo lote duniani linaloonyesha kwamba baba yake alikuwa na miti mia mbili juu ya kilima fulani. Kuitupa mashine bila kuipima ni kumtupa shahidi ambaye hajahojiwa.

Wapo waliotoa shauri kwamba diski ichomolewe, ichomekwe katika kompyuta mpya, na kazi iishe. Shauri hilo haliwezekani. Diski za aina ile husomwa na kadi yake maalum, na mara nyingi kadi ya aina nyingine haiielewi kabisa namna diski ilivyoandikwa. Wengine walisema mashine ipakiwe katika gari ipelekwe Kigali. Hilo nalo lina hatari yake, na ni hatari ambayo watu wengi hawaijui. Katika diski za zamani vichwa vya kusomea havijiegeshi vyenyewe umeme unapozimwa. Ilibidi mtumiaji aendeshe programu ya kuviegesha kabla ya kuihamisha mashine. Na mashine isiyowaka haiwezi kuendesha programu yo yote. Ukiipitisha katika kona zote za msitu wa Nyungwe hali vichwa vyake vimelala juu ya maandishi, unaweza kufika Kigali na diski iliyokwaruzwa. Kwa hiyo ilikuwa lazima fundi aende kwenye mashine.

Fundi aliyekwenda ni mzee mmoja, askari mstaafu wa mawasiliano, akifuatana na kijana wa polisi aliyependa kujifunza. Kabla ya kugusa kitu mzee alimwamuru kijana apige picha kila kadi na kila waya, kama inavyofanywa mahali palipotendeka jinai. Halafu akamkataza asifungue kikasha cha umeme, kwa sababu ndani yake hukaa volti mia tatu hivi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Na kioo cha skrini ndicho cha kuogopwa zaidi, maana huweza kushika volti elfu kumi na zaidi. Nidhamu ya namna hii haihitaji kuelezwa kwa askari aliyefundishwa kushika silaha.

Kijana akauliza, "Mzee, kwa nini tusitafute bodi nyingine nzima tukabadilisha?"

"Utabadilisha bodi ngapi, kijana wangu, kabla hujajua kosa ni la nani?"

Mzee alianza na umeme. Feni haikuzunguka kabisa, na mtu mwenye haraka angesema kwamba kikasha cha umeme kimeungua. Lakini kikasha cha aina hiyo kimeundwa kijizime chenyewe kikikuta shoti mahali po pote mbele yake, kwa hiyo ukimya wake waweza kuwa dalili ya uzima. Alichukua mita akapima baina ya njia ya volti 12 na ile ya ardhi, akaona ukinzani ni karibu na sufuri. Akachomoa kadi moja, akapima tena; akachomoa ya pili, ya tatu, mpaka zikaisha. Sufuri haikuondoka. Sasa kadi zote zilikuwa zimeachiliwa huru, na mshtakiwa alibaki kuwa bodi kuu yenyewe.

Juu ya bodi kuu ya mashine zile zipo kapasita ndogo za tantalamu, zenye umbo la tone la maji na ukubwa wa punje ya harage. Kapasita hizo hukaa miaka mingi kwa amani, kisha siku moja huamua kuwa shoti. Nyingine hupasuka kwa mlio wa bunduki ndogo, nyingine hufa bila alama, na hii ilikuwa ya namna ya pili. Mzee alinyanyua mguu mmoja wa kila kapasita iliyokuwa katika njia ile, moja baada ya moja, huku akipima, mpaka sufuri ikatoweka. Akaweka nyingine yenye kuvumilia volti 25 mahali pa ile ya volti 16, akiangalia sana upande wa chanya, kwa kuwa tantalamu iliyogeuzwa hulipuka.

Feni ikazunguka. Watu wakapiga makofi, lakini skrini ilibaki nyeusi.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo tunapotaka ndugu askari wasikilize vizuri. Kupata kosa moja si ushahidi kwamba hakuna la pili. Mzee alirudi mwanzo kana kwamba hajafanya lo lote. Njia ya volti 5 ilikuwa kati ya 4.75 na 5.25, kama inavyotakiwa. Katika mguu wa 19 wa chipu ya 8088, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, mapigo ya saa yalikuwapo, mara milioni 4.77 kwa sekunde. Mguu wa 21, unaoshika amri ya kuanza upya, ulikuwa umeshuka chini kama ipasavyo, maana ungebaki juu ubongo ungekaa ukingoja daima. Ikabaki kumbukumbu. Katika mashine ile, chipu moja mbovu katika safu ya kwanza ya kumbukumbu yatosha kuinyamazisha yote, hata isiweze kuandika kosa lake kwenye skrini.

Chipu za aina hiyo husema kwa volti: chini ya 0.8 ni hapana, juu ya 2.0 ni ndiyo. Iliyo katikati haikubali wala haikatai, na polisi wamekwisha kukutana na mashahidi wa namna hiyo. Mzee alipopima waya za data aliukuta mmoja umesimama katikati. Akachukua chipu nzima, akaibandika juu ya ile iliyoshukiwa, mguu kwa mguu. Njia hii haifaulu kila mara, lakini siku ile ilifaulu: tarakimu za kuhesabu kumbukumbu zilianza kupanda, kisha mashine ikalia mara moja. Chipu mbovu iling'olewa, nzima ikalehemewa mahali pake.

Kabla ya kusoma jina hata moja, diski ilinakiliwa yote kwa waya kwenda katika kompyuta ya leo. Baadhi ya sehemu zake hazikusomeka, na majina yaliyokuwa humo yamepotea. Yaliyosomeka ni mengi zaidi.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya siku mbili kwa ajili ya mashine ya miaka arobaini ni anasa. Tunakubali kwamba mashine yenyewe haina thamani kubwa. Ikiisha kunakiliwa, na iende Bugesera katika kiwanda cha kushughulikia taka za elektroniki, wala sisi hatutalia. Tunachokipinga ni hukumu bila upelelezi. Serikali nazo zimewahi kukosea hivyo: mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mtambo wa hesabu katika Wizara ya Fedha kuleta vurugu. Adhabu ilikwenda kwa mashine zote, ingawa sehemu kubwa ya kosa ilikuwa katika matayarisho na uhaba wa watu waliofundishwa.

Ushauri wetu kwa maafande ni huu. Mtambo wo wote wa zamani wenye kumbukumbu ndani yake usifutwe daftarini mpaka mtu mwenye mita aandike amepima nini na ameona nini. Vikosi vya mawasiliano vinao watu wanaoweza kazi hiyo, lakini wengi wao wanakaribia kustaafu, na kijana mmoja mmoja akae kando yao sasa, wangali na macho ya kuona mguu wa 19.

Kijana wa polisi aliyekuwa Mibirizi amekwisha kuomba apewe mita yake mwenyewe. Tunatumaini ombi hilo halitakaa mezani.