Dhahabu ya Kilembwe Tayari Iko Mikononi mwa Wananchi

Simu za vijana wetu wa Fizi na Baraka, huku Kivu Kusini, zimejaa picha za Sankara, Lumumba na Che Guevara, na chini yake maneno ni yaleyale: migodi itaifishwe, mali irudi kwa wananchi, umaskini utakwisha. Hasira yao naiheshimu. Imani yao naikataa, kwa sababu hapa kwetu ilishajaribiwa.

Che mwenyewe alivuka Ziwa Tanganyika akafika Fizi Aprili 1965 kuwasaidia waasi, akaondoka Novemba bila ushindi. Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi hao, alibaki, akaunda chama cha mapinduzi cha PRP mwaka 1967, na kwa karibu miaka 20 milima ya Hewa Bora, ngome yake hapa Fizi, ikawa na mashamba ya pamoja na masomo ya siasa. Na dhahabu? Biashara yake ilishikwa na chama. Mchimbaji hakupanga bei. Rais Mobutu naye alitaifisha kampuni ya madini ya Union Minière mwaka huohuo wa 1967, kisha 1973 akagawa maduka na mashamba ya wageni. Yakaangukia wakubwa na jamaa zao, bidhaa zikaadimika.

Sasa itazameni Kilembwe yenyewe, machimbo yetu ya dhahabu katika sekta ya Lulenge. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Lulenge inachimbwa na watoto wa hapahapa kwa nyundo na sururu, na akina mama wanatwanga mawe mpaka viganja vinachubuka. Hao ndio wananchi! Lakini ifuateni punje moja hadi kwa mnunuzi: mzani mdogo wa mkononi, upande mmoja dhahabu, upande wa pili njiti za kibiriti au sarafu kuukuu. Mnunuzi ndiye anayezipanga. Ndiye pia aliyekopesha unga, sabuni na mafuta ya pampu, kwa hiyo mchimbaji hana ruhusa ya kuuza kwingine. Barabara mbovu inamalizia kumfungia njia ya soko lingine.

Kutaifisha hakugusi mzani wala deni. Sheria ya madini ya 2018 tayari inamtaka mchimbaji wa mikono awe katika ushirika, na vyama vingi vya namna hiyo ni vya wenye mashimo wenyewe, vimevishwa jina la wachimbaji.

Anayewapenda wachimbaji adai mzani uliokaguliwa pale sokoni Kilembwe. Adai bei ya siku isomwe redioni kila asubuhi, kwa Kiswahili na Kibembe, na mkopo wa mafuta usiomfunga mtu kwa mnunuzi mmoja. Na hesabu za ushirika zisomwe mbele ya wanachama wote, faranga kwa faranga.