Refa si mwizi kila Onduparaka inapofungwa

Katika soko la Arua, neno "mwizi" halitamkwi ovyo. Mfanyabiashara anayenunua maharage Ariwara na kuyauza Koboko akiona gunia limepungua, kwanza hulipima tena kwenye mzani mwingine. Kisha humuuliza mpagazi, hutazama mshono wa gunia, hukumbuka mvua ilinyesha siku gani na jua liliwaka siku ngapi. Ni baada ya hayo yote ndipo hutaja jina la mtu. Anajua kwamba akikosea kumtaja, wiki ijayo hatakuwa na wa kumuuzia.

Mfanyabiashara huyohuyo akiingia uwanja wa Greenlight siku ya mechi, dakika ya kumi hajaimaliza kabla ya kumwita refa mwizi. Hakupima wala hakuuliza. Mpira umepigwa, kibendera kimepanda, basi: "Amekula hela!" Aliyeketi mita themanini kutoka kwenye tukio, nyuma ya mwanamke mwenye mwavuli, ndiye aliyeona vizuri kuliko mtu aliyekuwa akikimbia hatua chache kutoka kwenye mpira.

Tabia hii imeigharimu West Nile zaidi ya inavyodhaniwa.

Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda kwa msimu wa 2016/17, mji ulipata kitu ambacho pesa za mpakani hazikuwa zimeuletea. Maduka yalifungwa mapema. Watu walishuka kutoka Koboko kwa barabara ya lami inayotoka Vurra hadi Oraba, kilomita 92 ambazo kwa kawaida hubeba mbao, dagaa na saruji, wakiwa wamevaa kijani. Wengine walivuka kutoka upande wa Kongo. Timu iliyojiita Caterpillars ikawa ngumu kufungwa nyumbani, na mashabiki wake wakaifuata hadi Kampala kwa mabasi wakiimba njia nzima. Mshambuliaji Muhammad Shaban alitoka hapo akaenda KCCA, kisha Raja Casablanca ya Morocco. Mwaka 2017 fainali ya Kombe la Uganda ililetwa Arua kwenyewe, Paidha Black Angels, wana wa West Nile pia, wakicheza na KCCA. Wauza chapati walio karibu na uwanja hawajaisahau siku ile.

Kisha mwaka 2021 ikapanda Arua Hill, na mji mmoja ukawa na timu mbili Ligi Kuu, jambo ambalo miji mingi mikubwa kuliko Arua haijawahi kuliona. Lakini Onduparaka ikashuka mwishoni mwa msimu wa 2022/23, na mwaka uliofuata Arua Hill ikafuata. Msimu wa 2024/25 ulianza bila timu hata moja kati ya hizo mbili.

Sasa ulizia kwenye kibanda chochote cha chai kati ya Arua na Koboko nani aliziua timu hizo. Jibu litakuja haraka: marefa wa Kampala. Litatajwa goli lililokataliwa, penalti isiyotolewa, kadi nyekundu ya mchezaji fulani mvua ikinyesha. Kila mtu ana yake, na baadhi ya hizo ni kweli kabisa, kwa sababu hakuna refa asiyekosea. Lakini Arua Hill haikushushwa na kipenga. Ilifika mahali ikashindwa kufika kwenye mechi zake. Timu isipofika uwanjani hakuna refa wa kuilaumu: anasimama katikati, anatazama saa, anaandika ripoti, na pointi zinakwenda kwa aliyekuja. Mfanyabiashara anayeshindwa kupeleka mzigo kwa sababu hakuwa na nauli ya lori hawezi kusema mzani wa mnunuzi ulikuwa mbovu.

Hata hivyo shabiki asifanywe mjinga. Rushwa ipo katika mchezo huu, na Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 2018, siku chache tu kabla ya Kombe la Dunia la Urusi, mshika kibendera mmoja Mkenya aliyekuwa tayari ameteuliwa kwenda huko alionekana kwenye video ya waandishi wa uchunguzi wa Ghana akipokea dola 600. Safari ya Urusi ikaishia hapo. Dola 600! Kuna wanawake wa mitumba pale Arua wanaozungusha pesa zaidi ya hizo kabla ya saa sita mchana. Mtu aliyefika kilele cha kazi yake kuuza jina kwa bei hiyo ni habari ya kusikitisha, na pia ni habari kuhusu namna waamuzi wa kanda hii wanavyolipwa na wanavyosubiri malipo.

Kwa hiyo zipo hali tatu, na sokoni kila mtu anazijua. Kuna mzani uliokosewa. Kuna mpimaji anayeegemea upande mmoja bila kujua, kwa sababu mteja mmoja anapiga kelele kuliko mwingine. Na kuna mpimaji aliyelipwa. Shabiki wa Greenlight ameziweka zote tatu kwenye gunia moja na kuandika juu yake "wizi".

Hali ya pili ndiyo ambayo haizungumzwi, na inafaa kuzungumzwa kwa sababu inamhusu shabiki mwenyewe. Mwaka 2020, korona ilipoziacha ligi za Ulaya zikichezwa viwanja vitupu, watafiti walipata nafasi ambayo hawakuwahi kuwa nayo: mpira uleule, marefa walewale, bila watazamaji. Walichokiona ni kwamba timu ngeni zilianza kupata kadi za njano chache kuliko zamani. Refa hakuwa amelipwa kabla ya hapo. Alikuwa anasikia. Kelele za maelfu ya watu zilikuwa zinausukuma mkono wake kwenda mfukoni bila yeye kutambua.

Nani basi alikuwa na kelele kuliko Arua? Kama Onduparaka ilikuwa ngumu kufungwa Greenlight, sehemu ya ugumu huo ilitoka kooni mwa mashabiki na kuingia masikioni mwa refa. Ni haki yao kabisa kushangilia. Lakini mtu aliyefaidika na mzani uliolegea upande wake miaka mitano hana budi kupunguza sauti siku ulipolegea upande wa pili. Hajasikika shabiki hata mmoja aliyerudi nyumbani akilalamika kwamba penalti waliyopewa haikuwa halali.

Wamarekani, kwenye besiboli, wamelishughulikia jambo hili kwa njia ambayo wenye kipenga wa huku wangeweza kuitazama. Mchezo wenyewe hauna wenyeji wengi West Nile, lakini kiini chake ni rahisi. Mtupaji anatupa, mpigaji anasubiri na rungu, na nyuma ya mdakaji anasimama mwamuzi anayeamua kama mpira ulipita ndani ya eneo halali au nje. Eneo lenyewe halionekani. Ni hewa tupu kati ya magoti na kifua cha mpigaji. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wamegombana juu ya hewa hiyo. Kuanzia msimu wa 2026 ligi kuu yao imeweka utaratibu: uamuzi ni wa mwamuzi bado, lakini kila timu inaanza mechi na nafasi mbili za kupinga. Anayeruhusiwa kupinga ni mtupaji, mdakaji au mpigaji tu, na anafanya hivyo kwa kugusa kofia yake papo hapo. Kamera zinapima. Ukiwa sahihi, nafasi yako inabaki. Ukikosea, umeipoteza.

Uzuri wake uko kwenye gharama. Kupinga kunakuwa na bei, na mtu akijua kuna bei anafikiri kwanza. Soka nalo limeanza kusogea upande huo: sheria sasa zinaruhusu mashindano kuamuru kwamba nahodha peke yake ndiye amkaribie refa kuuliza, na mwingine yeyote akimzonga anaonyeshwa kadi. Hilo halihitaji kamera wala umeme. Linaweza kuanza kesho kwenye mashindano ya vitongoji vya Koboko.

Besiboli ina somo lingine kwa watu wa mpakani, na hili ni chungu. Mwaka 2011 watoto wa Uganda waliishinda Saudi Arabia huko Poland na kupata nafasi ya kwenda Marekani, kwenye Kombe la Dunia la watoto la mchezo huo. Hawakwenda. Walinyimwa viza, maofisa wakisema wameona hitilafu kwenye nyaraka za umri wa baadhi yao. Walioshindwa uwanjani, Saudi Arabia, ndio waliopanda ndege. Timu ya Kanada iliyokuwa icheze nao iliamua kuwafuata Uganda mapema mwaka 2012, na watoto wa Uganda wakashinda. Mwaka huohuo timu ya Lugazi, safari hii nyaraka zikiwa sawa, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano yale. Njia ikafunguka: mwaka 2022 vijana wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walitia saini na Los Angeles Dodgers.

Yeyote aliyewahi kusimama Oraba au Vurra na mzigo halali na karatasi yenye kosa moja anaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Unaweza kushinda mchezo wote na kushindwa dirishani. Timu za Arua hazikukosa vipaji. Zilikosa kile kilichowekwa sawa Lugazi kati ya 2011 na 2012, yaani karatasi: mikataba, hesabu za mlangoni, mishahara iliyoandikwa na kulipwa. Wakati mashabiki wanahesabu dakika za nyongeza, hakuna aliyekuwa akihesabu tiketi.

Na mieleka je? Hapa shabiki wetu anajipinga mwenyewe kwa namna ya kuchekesha. Akitoka Greenlight akiwa na hasira, anaingia kibanda cha video kutazama mieleka ya Marekani, au kwenye simu yake ile ya Mukono ambayo vijana wanarushana matopeni ndani ya ulingo wa miti. Refa wa pale anageuza mgongo huku mtu akipigwa kiti cha chuma kichwani. Anazimia akiguswa na kiwiko, anazinduka kwa wakati unaofaa. Shabiki anacheka hadi machozi. Hadai apigwe, kwa sababu anajua mapatano: haya ni maigizo yenye maumivu ya kweli, na refa ni mwigizaji kama wengine.

Ila wafanyabiashara waliokwenda Juba wameona mieleka ya aina nyingine. Wamundari na Wadinka wa Bor wanapokutana, hakuna maigizo. Vijana wanazungukana, wanashikana, mmoja anaanguka. Ngoma zinalia, umati unaimba, na ugomvi juu ya uamuzi ni mdogo, kwa sababu mtu aliyelala chini kila mmoja anamwona. Mchezo wenye jambo moja la kuamua haumtesi mwamuzi. Soka linamtesa kwa sababu limejaa mambo ambayo jicho haliyaoni vizuri: mkono uliguswa au uligusa, bega lilikuwa mbele au nyuma, aliteleza au alisukumwa. Tena sheria zenyewe hubadilika. Tangu msimu wa 2025/26 kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Refa akiutekeleza uamuzi huo mbele ya shabiki asiyeijua sheria hiyo, kelele za "mwizi" zitaanza kabla kona haijapigwa. Kuna hata wanaodai kuotea kwenye mpira wa kurusha, miaka yote hii, na wanadai kwa sauti kubwa kuliko wote.

Shabiki ana haki ya kudai mambo. Adai klabu yake itangaze mapato ya mlangoni kila mechi, hata kwa kubandika karatasi ukutani. Adai waamuzi walipwe kwa wakati, kwa sababu mtu mwenye njaa ni rahisi kununuliwa. Adai malalamiko yaandikwe na kupelekwa yanakohusika, yakiwa na dakika na tukio, badala ya kurushwa chupa. Na adai, zaidi ya yote, refa aondoke Arua salama timu ikifungwa.

Mwaka 2027 Uganda, Kenya na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Hoima, ng'ambo ya Nile, umejengwa uwanja wa watu 20,000 kwa ajili yake, na wengi wa West Nile watakwenda kuona refa akikimbilia runinga kutazama tena tukio kabla ya kuamua. Greenlight hakuna runinga hiyo. Kuna mtu mmoja mwenye kipenga na wawili wenye vibendera. Mechi ikiisha, watatu hao hutembea hadi kwenye gari katikati ya watu ambao asubuhi yake walikuwa sokoni wakipima gunia mara mbili.